Usiku wa Epulu na watu wa baiskeli

Wahifadhi wanataka barabara inayokata Hifadhi ya Okapi ifungwe kila usiku. Wenye malori wanapinga. Anayesukuma baiskeli yenye mzigo ndiye atakayelala msituni.

BIGO, BUNIA – Kutoka mji wa Mambasa hadi Epulu, yaliko makao ya Hifadhi ya Okapi, ni yapata kilomita 70. Wakati wa jua, lori la dereva anayeijua njia huondoka asubuhi na kufika kabla ya chakula cha mchana. Mtu anayesukuma baiskeli yenye bidoni za mawese, gunia la chumvi na katoni za sabuni hutembea kilomita nne kwa saa akiwa bado na nguvu, tatu akichoka, mbili penye tope la kupanda. Hata asipochoka wala kupumzika mara moja, atahitaji saa 17 au 18.

Hapa karibu na ikweta mchana ni saa 12, Januari hadi Desemba. Usiku lazima umkute njiani. Na njia yenyewe, Barabara ya Taifa namba 4, inapita katikati ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, hapa mashariki mwa Kongo, ambako kwa miaka sasa wahifadhi wanataka giza likiingia pasipite chombo chochote.

Ugomvi huu umezoeleka kuzungumzwa kama jambo la malori, ushuru na wahamiaji. Ofisi zikikutana, hoja zinazopigwa mezani ni za watu wenye injini. Lakini ukiipima kanuni kwa miguu ya anayeitii, unaona haraka kwamba mwenye baiskeli ndiye inayemgusa kuliko wote.

Barabara iliyofufuka

Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1992. Ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 13,700, karibu sehemu ya tano ya msitu wote wa Ituri, na inagusa maeneo ya Mambasa, Wamba na Watsa. Mwaka 1996 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Mwaka mmoja tu baadaye, 1997, ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na humo haijatoka.

Okapi ni mnyama wetu. Hakuna nchi nyingine duniani anakoishi porini. Wanasayansi wa Ulaya walimpa jina la kitaalamu mwaka 1901. Wambuti, watu wa asili wa msitu huu, walikuwa wakimfahamu tangu zamani zisizo na tarehe. Redio ya Umoja wa Mataifa tunayoisikiliza hapa Bunia kila asubuhi imebeba jina lake.

Wakati wa vita, kati ya 1998 na 2003, barabara namba 4 ilikuwa imekufa kwa magari. Madaraja ya mbao yalioza, mashimo yaliweza kumeza ekseli, na penye mashimo mabaya zaidi malori yalikwama kwa siku nyingi. Baiskeli ndiyo iliyopita. Fimbo ndefu ilifungwa kwenye usukani ili kuuongoza, nyingine nyuma ya kiti kwa kusukumia, na mara nyingi pedali ziling'olewa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzikanyaga. Juu yake ulipangwa mzigo wa kilo 100, pengine zaidi. Chumvi, sabuni, vitambaa na dawa viliingia msituni hivyo. Mawese na mchele vilitoka hivyo.

Watu wa Mambasa na wa vijiji vya kandokando ya barabara waliishi kwa miguu ya wasukumaji hao. Nataka jambo hili likumbukwe kabla hatujaanza kusema nani anastahili kupita na nani hastahili.

Barabara ilitengenezwa upya katika miaka ya 2000 kwa fedha za Benki ya Dunia. Malori yakarudi, bei zikashuka, mgonjwa akaweza kufikishwa hospitali. Lakini barabara nzuri haichagui wa kumbeba. Pamoja na wafanyabiashara zikaja familia zinazotafuta mashamba, wakaja wachimba dhahabu, wakaja wapasua mbao, wakaja wanunuzi wa nyama ya pori.

ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi za nchi, ikaweka mfumo wa majaribio: kukagua wanaoingia, kudhibiti wanaokuja kuhamia, na kuzuia magari yasipite usiku. Mwaka 2009 Kamati ya Urithi wa Dunia ikaitaka Kongo iuhalalishe mfumo huo moja kwa moja, pamoja na katazo la usiku, na ICCN ipewe haki ya kutoza ushuru wa njia.

Maana yake ni kwamba mfumo ulianza kutumika kabla haujasimama juu ya sheria. Kanuni ya namna hiyo humwachia mtu wa bariera, yaani kizuizi cha barabarani, nafasi kubwa mno ya kuamua mwenyewe. Lori lina mwenye mali mjini, lina simu, lina mtu wa kuuliza. Msukumaji hana wa kumpigia.

> Ukiipima kanuni kwa miguu ya anayeitii, unaona haraka ni nani inayemgusa.

Hoja ya walinzi ni nzito

Isidhaniwe kwamba wahifadhi wamezua katazo la usiku kwa kupenda kusumbua watu. Pembe za ndovu na nyama ya nyani iliyokaushwa hazisafiri saa sita mchana mbele ya macho ya kila mtu. Husafiri gizani. Walinzi wana msitu mkubwa kuliko uwezo wa miguu yao, na barabara ndiyo mahali pekee ambapo watu wachache wanaweza kukagua vitu vingi.

Nao wamelipa kwa damu. Tarehe 24 Juni 2012 wanamgambo wa Mai-Mai Simba, wakiongozwa na Paul Sadala aliyejulikana kwa jina la Morgan, walivamia makao ya hifadhi pale Epulu. Waliua watu, wakiwemo walinzi, wakachoma majengo na kupora. Okapi 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni, baadhi kwa miaka mingi, waliangamia. Aliyeshuhudia siku kama ile hawezi kulaumiwa akitaka kujua kila anayepita mbele ya lango lake baada ya jua kuzama.

Na baiskeli si chombo kisicho na hatia. Haina kelele. Inaweza kuiacha barabara mita 200 kabla ya bariera, ikashika kijia cha miguu na kutokea upande wa pili bila mlinzi kusikia chochote. Katikati ya magunia mawili ya mchele unaweza kufichwa mguu wa swala, kipande cha pembe, au chupa ndogo ya dhahabu. Wahifadhi wanaposema kwamba ukiiachia baiskeli njia ya usiku umemwachia jangili pia, hawasemi uongo.

Kuna pia hofu ya uhamiaji. Kila anayepita si lazima awe mpitaji. Wengine huja na jembe, wakafyeka hekta moja kando ya barabara, mwaka wa pili hekta tatu. Msitu unapungua kwa mtindo huo, pole pole, kuanzia barabarani kwenda ndani, na hifadhi ikishapoteza miti yake hakuna sheria itakayoirudisha katika maisha ya mtu mmoja.

Hoja ya njia

Upande wa pili una Katiba. Ibara ya 30 ya Katiba ya 2006 inampa kila mtu aliye nchini haki ya kuzunguka kwa uhuru, kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Katiba hiyohiyo, ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Wahifadhi wanaishika ya 53, wafanyabiashara wanaishika ya 30, na wote wana haki ya kuishika.

Tofauti inaanza kwenye namna ya kulala. Bariera ikifungwa, dereva wa lori analala ndani ya kabini, milango imefungwa. Abiria wake wanalala juu ya mizigo. Msukumaji aliyekutwa na usiku kilomita 15 kabla ya kijiji anatandika turubai chini ya mti, anaiegemeza baiskeli, na kukesha akiulinda mzigo ambao mara nyingi ameuchukua kwa mkopo.

Siku hizi kukesha msituni si jambo la uchovu peke yake. Tangu Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini ziko chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa kwa ajili ya kupambana na makundi yenye silaha. Waasi wa ADF wameua raia katika maeneo ya Irumu na Mambasa, mashambani na barabarani. Kwenye kipande cha kusini, kati ya Komanda na Luna, magari yalilazimika kwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa jeshi, na hata misafara hiyo ilishambuliwa. Baiskeli haiwezi kufuata msafara. Kwa mwendo wa msukumaji, msafara humpita na kumwacha peke yake njiani.

Kuna ushuru pia. Kutoza magari ili kulipia ulinzi wa msitu ni wazo la haki, kwa sababu lori la tani 20 huichimba barabara na kuleta kelele. Lakini kila anayesafiri mashariki mwa Kongo anajua jinsi ushuru unavyozaana. Kikiwekwa kizuizi kimoja rasmi, vya kando huzaliwa, na kila kimoja kina mkono wake. Faida ya bidoni nne za mawese ni ndogo. Ikigawanywa kwenye bariera tano, mtu amesukuma kilomita 70 bure.

Wapo pia Wambuti na Waefe, ambao msitu huu ulikuwa wao kabla haujaitwa hifadhi. Wengi wao hawana hata baiskeli; wanatembea kwa miguu, na kambi zao za barabarani hungoja chumvi na sabuni kutoka kwa msukumaji anayepita. Tangu Julai 2022 nchi ina sheria inayolinda haki za watu wa asili. Mpango wowote wa kufunga na kufungua njia unapaswa kuanza na wao, na msukumaji aje mara baada yao.

> Msafara humpita na kumwacha peke yake njiani.

Nairobi walijitokeza barabarani

Sisi si wa kwanza kuvutana juu ya barabara ndani ya ardhi ya umma iliyohifadhiwa. Jirani zetu wa Kenya wamepita huko, na wenye baiskeli wa kule wamejifunza jambo moja: mpango usiowataja utawaondoa.

Msitu wa Karura una hekta 1,041 ndani ya jiji la Nairobi. Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti mahali ambapo wakubwa walikuwa wamegawana viwanja. Leo msitu una uzio, malango na kiingilio. Magari huishia kwenye maegesho. Baiskeli zina njia zake, na asiyekuwa na yake anaweza kukodi. Hata hivyo, Septemba 2024 Huduma ya Misitu ya Kenya ilitangaza kwamba iko tayari kuachia ekari 51.64 za msitu huo kwa ajili ya upanuzi wa Barabara ya Kiambu, na wananchi wakapiga kelele upya.

Kabla ya hapo ilikuwa zamu ya Uhuru Park, bustani ileile ambayo mwaka 1989 Maathai aliizuia isijengwe jumba la ghorofa 60. Mwaka 2019 ramani ya barabara mpya ya juu, inayotoka Mlolongo hadi Westlands, ilitaka kumega kipande chake. Wananchi walipinga na mstari ukasogezwa. Bustani ikapona. Waliokosa ni wenye baiskeli: barabara hiyo ya kilomita 27 ilifunguliwa mwaka 2022 bila nafasi yao, na njia za kando walizokuwa wakitumia chini yake zilivurugwa wakati wa ujenzi.

Hawakunyamaza. Kundi la Critical Mass Nairobi hukusanya waendesha baiskeli kwa wingi mara moja kwa mwezi na kuwapitisha pamoja katikati ya jiji, ili dereva na waziri waone kwamba nao wako. Dar es Salaam, Umoja wa Wapanda Baiskeli, UWABA, ulidai njia salama wakati jiji lilipokuwa linapanga mabasi ya mwendokasi. Ni watu wa kawaida, wengi wao wakienda kazini.

Na kama swali ni iwapo baiskeli na wanyama wa porini wanaweza kukaa pamoja, jibu liko Naivasha. Hifadhi ya Hell's Gate, yenye kilomita za mraba 68, huruhusu wageni kuendesha baiskeli katikati ya twiga, pundamilia na nyati, kwa masharti na kwa saa maalumu. Hell's Gate si Epulu. Hakuna ADF kule, na uwanda si msitu mnene. Lakini inaonyesha kwamba msimamizi wa hifadhi anaweza kumwandikia mwenye baiskeli kanuni yake peke yake, badala ya kumweka kapu moja na lori.

Mbali zaidi, ugomvi uleule

London, katika bustani ya Richmond yenye kulungu, wenye baiskeli walidai kwa miaka magari yasiigeuze bustani kuwa njia ya mkato. Agosti 2020 yakaanza majaribio ya kuyazuia. San Francisco nako, njia kuu ya bustani ya Golden Gate ilifungwa kwa magari Aprili 2020 wakati wa korona, na ugomvi ukaendelea hadi wapiga kura walipoamua, Novemba 2022, ibaki hivyo.

Kinachonivutia katika habari ya San Francisco ni waliopinga. Walikuwamo watu wenye ulemavu, ambao gari ndilo linalowafikisha bustanini. Hoja yao haikuwa ya uvivu. Jiji lililazimika kufikiria maegesho yao na mabasi madogo ya kuwazungusha. Wenye baiskeli walishinda kura, lakini mpango ulikuwa bora kwa sababu aliyekuwa na shida tofauti alisikilizwa.

Kinachowezekana Epulu

Sidai katazo la usiku liondolewe. Nimezisoma hoja za walinzi na ninaamini msitu unahitaji usiku wake. Ninachodai ni kwamba kanuni ya usiku itengenezwe kwa mwendo wa anayetembea, si kwa mwendo wa lori peke yake.

La kwanza ni mahali pa kulala. Bariera inayomzuia mtu saa ya giza iwe na paa, maji, choo, taa na mlinzi. Asipozuiwa bure, hatatafuta kijia cha kuzunguka. Na vituo viwe karibu karibu: mtu anayekwenda kilomita 30 kwa siku ahakikishiwe kwamba akiondoka alfajiri atafika kwenye paa kabla ya giza. Hili lingewafaa walinzi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu baiskeli iliyolala chini ya taa ya bariera ni baiskeli iliyokwisha kukaguliwa.

La pili, ukaguzi wa mzigo uwe wa wazi, mchana, mbele ya mwenyewe na mtu wa kijiji, na uishie kwenye karatasi inayotambuliwa na bariera zinazofuata. Mfanyabiashara wa mawese hana sababu ya kuogopa ukaguzi. Anachoogopa ni kufunguliwa mzigo mara tano na kutoa kitu kila mara.

La tatu ni ushuru: baiskeli na mtembea kwa miguu wasilipe. Wakilipa, fedha itakayopatikana ni ndogo, na mlango wa vizuizi vya kando utakuwa umefunguliwa kwa jina la hifadhi.

Haya yanahitaji pesa, na najua vituo vya hifadhi huhangaika hata kwa mafuta ya jenereta. Lakini tangu 2019 ICCN inasimamia hifadhi hii kwa ubia na shirika la uhifadhi la Marekani, WCS, na wafadhili wanaolipia doria wanaweza kulipia mabati na pampu ya maji.

Dharau kwa mwenye baiskeli haikuzaliwa msituni. Hapa Bunia, ukisimama barabarani Bigo asubuhi, utaona baiskeli zenye magunia ya makaa zikibanwa pembeni na pikipiki na magari, mwenye mzigo akishikilia usukani kwa mikono miwili ili gunia lisimwangushe mtaroni. Barabara za mji zinapotengenezwa, yeye hahesabiwi. Inashangaza kidogo kwamba mkoa ulioishi kwa baiskeli miaka mitano ya vita umeisahau haraka hivi.

Kwa kuwa hifadhi iko kwenye orodha ya hatari, serikali hutakiwa kuipelekea UNESCO ripoti ya hali yake, kwa kawaida kabla ya tarehe 1 Februari. Humo ndimo hujibiwa maswali ya barabara namba 4. Kabla ripoti nyingine haijaandikwa Kinshasa, ICCN na wakuu wa Ituri wanaweza kufanya jambo lisilogharimu zaidi ya safari moja: waende Mambasa siku ya soko, waketi na machifu, wawakilishi wa Wambuti, wenye malori na wasukumaji wenyewe, na waandike saa ngapi mtu wa baiskeli huondoka, wapi hulala, anabeba nini na analipa nani. Ripoti ipelekwe ikiwa na majibu hayo ndani yake.